Machipukizi Nyuma ya Sebule

Ati kukagua nyumba ya mzee wa kanisa ni kumwita mwongo! Hayo ndiyo maneno Wangila aliyomwambia mkewe Nasike kule Bungoma, tena mbele ya mama yake, ili Nasike asiweze kubishana. Fundi alikuwa tayari kabisa, jirani yao, angeandamana nao hadi Kitale siku yoyote. Wangila akakataa katakata.

"Mzee Barasa tumeomba naye, tumekula naye. Nimpelekee mtu wa kumgongagongea kuta? Uso nitauweka wapi?"

Haya basi. Shamba lao la Mabanga lilikuwa limeshauzwa, urithi wote ule, ili wainunue nyumba ya Barasa, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kutia sahihi. Nyumba ikitoka mbovu, hawakuwa na pengine pa kwenda. Nasike alilijua hilo.

Lakini kabla ya sahihi yalikuwa maombi ya kubariki nyumba. Walifika kwa Barasa, kando ya barabara ya Endebess, na nyumba ilipendeza, usiseme. Sebule ilikuwa mpya, imeongezwa ubavuni mwa nyumba ya zamani, na zulia jekundu limetandazwa ukuta hadi ukuta. Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa humo na ngoma yao. Katikati kabisa, kwenye kiti cha heshima, walimkalisha Mama Peris, mama yake Wangila, kwa kuwa nyumba ilikuwa inanunuliwa hasa ili yeye apate pa kuzeekea.

Nasike alizunguka nyuma kutafuta maji ya kunawa. Hapo ndipo alipoliona chipukizi la mgomba, jembamba, limejipenyeza kati ya udongo na msingi wa sebule. Pembeni yake kulikuwa na mengine yaliyokatwa kwa panga, utomvu wake haujakauka.

Jamani, ni mtoto gani wa Bungoma asiyejua? Choo cha shimo kikijaa kinafukiwa, na juu yake inapandwa migomba, nayo hunenepa ajabu. Kwao Nasike watoto walikatazwa hata kucheza hapo, maana udongo wake hautulii, unatitia mwaka baada ya mwaka. Na Barasa, mzee wa kanisa mzima, alikuwa amekata migomba akamwaga simiti juu, akatandika zulia!

Ndani ngoma ikaanza kulia. Na kanisa lao haliimbi bila kuruka.

Nasike aliingia sebuleni mbio. "Simameni! Msiruke!"

Wimbo ukakatika. Wangila akamtolea macho. "Nasike, unaniaibisha."

"Aibika, lakini mama atoke hapo. Chini ya hii sakafu kuna shimo la choo."

Barasa akacheka kicheko kikavu. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ukutani, na sasa Nasike akakumbuka kwamba tangu wafike hakuwa amevuka hapo mlangoni kuingia ndani. "Shimo gani, bana? Hii sakafu ni ngumu, hata lori inaweza kusimama."

"Basi njoo usimame wewe, mzee. Hapa kando ya mama. Utuombee ukiwa hapa."

Barasa akapapasa mifuko, akijidai anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni. Wangila alimtazama, kisha akalitazama zulia.

Mara Viola, mke wa Barasa, akatokea jikoni na birika la chai. Hakuwa amesikia chochote. Akakatiza katikati ya zulia, moja kwa moja kwa Mama Peris.

"Viola! Pitia ukutani!"

Lilimtoka Barasa kabla hajalizuia. Wangila akavua viatu, akanyata hadi kwa mama yake, akambeba. Sakafu ikalia chini ya zulia, na Nasike hakupumua hadi walipofika mlangoni.

"Hatutii sahihi," Wangila akasema.

Akina mama wakatoka mmoja mmoja, wakiambaa ukuta. Akabaki Viola peke yake katikati, birika mkononi, anaogopa kuinua mguu.

"Asubuhi nimepanga viti vyote hapa, Barasa," akasema. "Ulikuwa hapo mlangoni unaniangalia."

Barasa hakuingia kumtoa. Ni Nasike aliyerudi, akaegemea ukuta na kumnyooshea mkono.