Tulivyokaa Baraza ya Idarus

Mjukuu wangu Ruba, wa miaka minane, aliacha kwenda chuo cha Kurani. Kila alasiri tumbo lilimuuma. Nikampa maji ya tangawizi siku nne. Ya tano akasema kweli. Idarus, auzaye unga wa kulevya kichochoroni, humtilia vipakiti ndani ya mkoba wa juzuu awapelekee watu. Akikataa, humwambia, "Basi babako leo hapati, atalia mbele yako."

Babake Ruba ni mwanangu Nabhan. Miaka miwili nikiulizwa habari zake nasema ana homa. Nilidhani namsitiri. Kisiwa kizima cha Pate tulisitiriana hivyo, kila nyumba na homa yake.

Nikawaendea Mwalimu Abdulkadir wa chuo na Hadia, muuguzi wa zahanati. Nikasema wazi: mwanangu anatumia unga.

Mwalimu akainama. "Na wangu pia, Bi Raihana."

Hadia akasema Amu, ng'ambo, kuna matibabu, lakini wagonjwa hawaji kwake, waona haya.

"Na kwa Idarus hawaoni?" nikauliza. "Basi tukakae kwake. Nani wa hapa atampita mamake asimwamkie?"

Kesho yake wanawake saba tukachukua ukili wetu wa kusuka mikeka, tukaketi baraza ya Idarus, mbele ya mlango wake. Kwetu wanawake hatuketi baraza za nje. Nina miaka sitini na tisa, sijapata kuketi.

Idarus akatoka. "Bibi, hapa ni pahali pa wanaume."

"Mwanamume yuko wapi?" Bi Nadra, mmoja wetu, akachungulia nyuma yake. "Mimi namwona amtwishaye mtoto wa kike mzigo wake."

"Nitawamwagia maji."

"Mwaga, mwanangu. Kuna joto."

Akamwaga, tena maji ya kuoshea samaki. Tukafuta, tukaketi.

Mnunuzi wa kwanza alituona akasita. Kurudi hawezi, tushamwona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mamako hajambo? Na goti lake? Wewe wafuata nini huku?"

"Napita tu."

"Pita, ndia ni ya watu wote."

Wa pili alimkuta shangazi yake kati yetu. Huyo alisalimia mpaka jasho likamtoka. Hadia alikuwa mwisho wa kichochoro, na aliyetaka kusema naye alisema.

Siku ya tatu akaja Nabhan, anatetemeka.

"Mama, nipishe."

"Sikupishi."

"Nitakufa."

"Keti hapa ulie. Hadia yupo, nami nipo. Homa tumemaliza kuisema."

Akaketi miguuni pangu. Wakati ule Mwalimu alikuwa akipita na watoto kuwapeleka chuo, amewapanga, amemshika Ruba mkono. Idarus akafungua dirisha. "Ruba, njoo mara moja."

Ruba akasimama, akamtazama babake. Nabhan hakuweza hata kuinua shingo vizuri, lakini akasema, "Mwanangu usimwite."

Ruba akapita, mkoba kifuani. Baadaye kidogo nikasikia sauti za watoto chuoni. Nabhan naye akamwambia Hadia aandike jina lake, na Hadia akampeleka Amu kwa boti ya asubuhi. Kama atapona sijui, Mungu ajua.

Idarus bado yuko nyumbani mwake, nasi bado tuko barazani. Jana alitoka akasema, "Mtachoka, bibi zangu."

"Tumelea watoto na wajukuu, na wewe tulikuosha ulipozaliwa," nikamwambia. "Tuchoke kwa kuketi?"