Msitu Uliokwenda Newala

Yuliana alikuwa akianika makopa ya muhogo nyuma ya nyumba yake, Chilangala, msitu wa kijiji ulipokuja ukasimama karibu na jiko. Aliusogeza ungo, msitu usije ukaukanyaga, akamaliza kuanika. Alijua umechoka kungoja.

Ulikuwa msitu wa wote. Humo watu walichimba ming'oko, ile mizizi iliyowavusha miezi ya njaa, wakaokota kuni na uyoga. Zamani ulikuwa na kamati ya kuutunza. Baadaye huyu alihamia Masasi kwa mwanawe, yule akafariki, wengine wakachoka kwenda ofisi ya ardhi Newala kuomba msitu utambuliwe na kuambiwa warudi kesho. Akabaki Yuliana peke yake. Wakati huo mgeni mmoja aliyetaka kupanda mikorosho alikuwa ameshaomba eneo lile, akidai ni pori lisilo na mwenyewe.

Yuliana akajifunga kanga, yeye na msitu wakaondoka pamoja. Bodaboda ziliwapisha. Njiani walikutana na Somoe, aliyekuwa mwenzake wa kuchimba ming'oko tangu usichana, akauliza wanakwenda wapi. Aliposikia ni ofisini, akawatakia heri na kushika njia yake. Yuliana angependa awasindikize japo kidogo, lakini hakumwomba.

Newala watu walikuwa kwenye foleni ya maji. Msitu ukasimama uani mwa ofisi, majani yamenyauka kwa jua. Karani, kijana aitwaye Felix, alimwamkia Yuliana, kisha akachungulia dirishani.

"Ndio huu?"

"Ndio huu. Tunaomba utambuliwe."

"Wa nani?"

"Wa wote, baba."

Felix akaeleza kwa upole kwamba ugumu uko hapo. Cha wote kinataka mkutano wa kijiji, ramani na wapimaji, na wapimaji hawana gari.

"Ila ukisema ni wako, mama, kesho tu naandika."

"Si wangu."

Basi, akasema Felix, na kwa kuwa msitu wenyewe umeshaondoka, eneo sasa ni tupu, nalo lina mwombaji.

Waliporudi walikuta trekta linalima pale ulipokuwa msitu. Msitu, kwa kukosa pa kusimama, ukajibana uani kwa Yuliana. Mizizi ilipita chini ya kitanda chake, naye akazoea kulala imemwinua kidogo upande mmoja.

Njaa ilipoingia, majirani walikuja na majembe, wakapiga hodi. Yuliana aliwaambia waingie kama zamani, msitu ni wao. Waliingia mmoja mmoja, wakachimba kwa haya, na kabla ya kuondoka kila mtu aliacha fungu la ming'oko mlangoni, kama anayelipia.

Siku moja akaja Somoe. Alichimba, akaacha fungu lake, kisha akainama mbele ya Yuliana, ingawa walikuwa rika moja.

"Shikamoo," alisema.

Yuliana alimtazama sana.

"Marahaba," akaitikia, kwa kuwa salamu ile haina jibu jingine.