Gurudumu la Nyuma

Mapera hayana huruma na mtu aliyechoka. Mwaka mzima mti umesimama nyuma ya jiko kama hauna habari na mtu, halafu wiki moja unaamua kuangusha kila kitu, na usipoyawahi ndani ya siku mbili funza watayala wewe ukitazama. Ndiyo maana Jumamosi ile, jua halijavuka ukuta, Mama Breki alikuwa ameshajaza ndoo tatu, na kiuno kilikuwa kimeshaanza kumnung'unikia.

Jina hilo hakulipata kwa sababu ya baiskeli, ingawa kazi yake ndiyo hiyo: kuzunguka nyumba za watu na begi la spana, kuziba pancha na kunyoosha ringi. Alilipata miaka kumi na tisa nyuma, katika kiwanda cha kusindika matunda kilicho ng'ambo ya reli, siku alipobonyeza kitufe chekundu na mkanda wote ukasimama, wanawake mia mbili wakainua vichwa kwa pamoja. Walikuwa wanadai glavu. Si majumba, si magari. Glavu za mpira, kwa sababu maji ya matunda yalikuwa yakiwachubua vidole mpaka mama akimpapasa mwanawe usoni, mtoto analia.

Binti yake alifika saa mbili, akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Naye alikuwa mmenyaji katika kiwanda kilekile, mwaka wa nane sasa, na alipanga chumba huko huko karibu na geti. Gurudumu la nyuma liliyumba kama mlevi anayetafuta mlango. Mama yake akalitazama, akasema litanyooka, kwanza mapera.

Kazi yao ilikuwa na mpangilio wake, na hakuna aliyehitaji kumwelekeza mwenzake. Sufuria kubwa ilichemsha chupa na vifuniko. Ya pili ilichemsha mapera yaliyokatwa, yakilainika yapitishwe kwenye chujio yaache mbegu, halafu sukari na ndimu, halafu mwiko usiosimama. Maji yaliyochemshia chupa hayakumwagwa. Yalipelekwa uani yangali moto, yakatiwa sabuni ya unga, na minyororo ya baiskeli zote mbili, ya mama na ya binti, ikalazwa humo itapike uchafu wake. Moto mmoja, kazi mbili. Waliochoka hujifunza kubana.

Chupa zilipungua, na jirani yao fundi cherehani, mzee mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku ya mapumziko, akaleta nyingine ndani ya mfuko wa vitambaa. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaonja, akasema jamu hii ingemfufua marehemu mke wake, ila basi angefufuka na maneno yake yote. Binti akacheka. Mzee akapata moto.

"Mimi naomba tu mnikumbuke," akasema. "Nyumba yenye bosi haikosi suti ya kushona. Au Jumatatu utaanza na nguo hizi hizi, mwanetu?"

Mwiko ukasimama. Mzee akamtazama binti, akamtazama mama, akaelewa kwamba yeye ndiye amefungua mlango uliokuwa umefungwa. Akakumbuka kwamba ameacha pasi juu ya suruali ya mtu, akaondoka bila mfuko wake.

"Bosi gani?" Mama Breki akauliza.

Binti akaeleza huku ameitolea macho sufuria. Si bosi. Msimamizi wa meza ya kumenya, meza moja tu. Waliitwa watatu ofisini, akachaguliwa yeye. Koti jeupe, kiti cha kukalia, daftari la mahudhurio. Alikuwa amepanga kusema kesho, chupa zikishafungwa, ili wasije wakaharibu mapera kwa maneno.

Mama yake hakuuliza lolote kuhusu koti wala kiti. Aliuliza kama msimamizi bado ndiye anayetunza ufunguo wa banda la baiskeli. Binti akasema ndiyo, bado.

Hapo inabidi jambo hili lielezwe, maana wenye kiwanda walishalieleza kwa namna yao. Ukutani kwao kuna picha ya siku glavu zilipoletwa, na maandishi chini yake yanasema uongozi ulizitoa kwa kuwajali wafanyakazi. Haikuandikwa kwamba zilikuja mwaka mzima baada ya mkanda kusimamishwa, na aliyeusimamisha alikuwa ameshafukuzwa. Wala haikuandikwa kwamba siku ya pili ya mgomo, msimamizi wa meza ya kumenya, mwanamke aliyekuwa amemenya nao miaka mitatu bega kwa bega, alilifunga banda la baiskeli na kutia ufunguo kifuani. Baiskeli za watu zikakaa humo siku nne. Wanawake walikwenda getini kwa miguu asubuhi, wakarudi kwa miguu jioni, wengine na watoto mgongoni. Mama Breki alimbeba binti huyu huyu, ana miaka sita na homa, na njiani mtoto alikuwa akiuliza baiskeli yetu imekosa nini. Siku ya tano watu walirudi kwenye mkanda. Njaa walikuwa wameizoea. Iliyoshindwa ni miguu.

Mama Breki akatoka uani. Akaipindua baiskeli ya binti ikakaa juu ya kiti na usukani, akaanza kunyoosha ringi. Kazi hiyo mtu haifanyi kwa nguvu. Unalizungusha gurudumu, unatazama linapogusa breki, unalegeza spoku ya upande mmoja robo mzunguko, unakaza ya upande wa pili robo mzunguko, unazungusha tena. Yeye mwenyewe aliwaambia wateja wake kila siku: robo, usizidishe. Lakini asubuhi ile mkono ulikuwa unakaza tu. Ulikaza ya kwanza, ukakaza ya pili, haukulegeza chochote, na kichwa kilikuwa mbali, kinatembea barabarani na mtoto mgongoni. Gurudumu likalia mara moja, kavu. Spoku ikang'oka na kipande cha ringi, na ufa ukafunguka mpaka kwenye tundu la valvu.

Binti akatoka mbio jikoni na kuja kutazama. Wakasimama wote wawili wakilitazama lile gurudumu, mpaka harufu ya sukari inayoungua ikawafuata hapo nje.

"Umefanya kusudi," binti akasema.

Mama Breki akatazama spana mkononi mwake. "Sijui," akasema, na alikuwa akisema kweli.

Binti hakupiga kelele. Hata hasira inataka nguvu. Alinyoosha mikono yake mbele ya mama yake, viganja juu. Ncha za vidole zilikuwa laini, nyekundu, zimefutika kabisa, kama za mtu aliyezaliwa bila alama za vidole. Akasema glavu zinatolewa mara mbili kwa mwaka, na hazimalizi wiki mbili. Akasema picha ile ya ukutani ameipita kila siku kwa miaka minane na anajua nani hayumo.

"Sijawasahau, mama. Nimechoka. Nataka kukaa kwenye kiti."

Mama Breki akaweka spana chini, akaingia jikoni kuipua sufuria. Waliokoa jamu ya juu, ikatoka chupa nne zenye ladha ya moshi. Iliyoungua chini ililowekwa humo humo kwenye sufuria. Jioni walilala mapema, kila mtu amegeukia ukuta wake.

Jumapili walimalizia mapera yaliyobaki bila maneno mengi. Walijaza, walifuta midomo ya chupa, walikaza vifuniko, walizipindua kichwa chini juu ya kitambaa. Zilipofika kumi na saba Mama Breki akanawa, akatoka, akaifungua baiskeli yake mwenyewe gurudumu la nyuma. Saizi ilikuwa moja. Gololi zake alikuwa amezibadilisha mwezi uliopita na kuzitia grisi mpya. Akalipachika kwenye baiskeli ya binti, akarudisha mnyororo uliokwisha kauka, akakaza nati.

Binti akamkuta amepiga magoti, akamwambia alitoe. Na yeye atazungukaje na begi lile zito, kwa miaka yake hii? Mama akajibu kwamba wateja watasubiri, ringi itapatikana siku ikipatikana, na atembee mara ngapi ndiyo aonekane anajua kutembea.

"Sikupi ili uwe bosi," akasema. "Nakupa ili ufike."

Binti akachuchumaa karibu naye, akaishika fremu isiyumbe. Kisha akauliza swali ambalo mama yake alilisubiri tangu jana: wakimwambia siku moja alifunge lile banda, je.

"Utafanya nini?" mama akamrudishia.

"Sijui, mama."

Mama Breki akaitikia kwa kichwa. Yule msimamizi wa miaka ile aliulizwa hivyo hivyo na wenzake, akaapa mbele yao wote, mkono juu, kwamba kamwe.

"Hiyo afadhali," akasema. "Kaa nayo. Usikimbilie kunijibu."

Akamfungia chupa mbili kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, akamwambia akifika relini ashuke aitazame tena nati, maana gurudumu lililohamishwa hulegea mwanzoni. Binti akapanda. Gurudumu likazunguka sawa, halikugusa popote, na mama akalifuata kwa macho mpaka kona, si kwa kumuaga mtu, kwa kuhakikisha kazi. Kisha akaingia ndani kukwangua sufuria iliyoungua.