Meno ya Kaunta

Meneja wa hoteli anakofanya kazi dada yangu, kwenye kaunta ya mapokezi, ana mchezo wake. Kila asubuhi hutoka nje, kisha huingia tena kama mgeni, apokewe kwa tabasamu. Asiyeonyesha meno hukaripiwa. Dada hakuwahi kukaripiwa. Nyumbani tulimtania kwamba umeme ukikatika acheke tu, tuone njia.

Kisha kisukari kikampata, akaanzishiwa vidonge. Haukupita muda meno yakaanza kubadilika, kwanza karibu na ufizi, halafu yote yakawa rangi ya chai. Daktari akamweleza kwamba huenda ni dawa, kwamba zipo nyingine za kujaribu, lakini asiache kumeza hata kidogo mpaka arudi. Kesho yake meneja akaingia na ugeni wake wa bandia, akamtazama mdomoni, akamhamishia chumba cha kufulia. Alisema wageni hawalipi pesa zao wapokewe na kutu. Mtu yule ningekutana naye siku hiyo, tungefikishana polisi.

Dada hakurudi kwa daktari. Aliacha vidonge kimyakimya, akaenda kusafishwa meno, na nyumbani akaendelea kuyasugua hadi fizi zikatoka damu. Yakatakata. Akarudishwa mapokezi, akatuletea habari huku anacheka, nasi tukacheka naye, maana hatukujua. Akanunua na viatu vipya vya kazini, vya kubana. Vilipomchubua kisigino hakusikia maumivu, miguu ilishakufa ganzi. Mimi nilikuja kugundua kidonda kwa harufu. Nilipomuuliza kama anameza dawa, alinijibu kwa ukali kwamba yeye si mtoto.

Wakamkata mguu chini ya goti.

Nilikaa kando ya kitanda chake nikiwa na hasira ya kumtafuna mtu. Nilimchukia meneja, na Mungu anisamehe, hata dada mwenyewe nilimchukia kidogo. Muuguzi akaja na vidonge vya kisukari, akanipa nimsaidie kumeza, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Dada alivipokea, akavitazama kiganjani.

"Mdogo wangu, ile kaunta yetu si inanifika kifuani?"

Nikamwambia ndiyo, inamfika.

"Basi mguu hawatauona."

Akanirudishia vidonge.