Baiskeli ya Mama Makali Yatiwa Mota

Mama Makali hakuitwa hivyo kwa sababu ya hasira, ingawa hasira anazo na wala hazifichi. Aliitwa hivyo kwa kazi yake ya kunoa visu. Baiskeli yake nzito ilikuwa na jiwe la kunolea juu ya usukani, na mkanda wa mpira ulioshuka kutoka kwenye jiwe hadi gurudumu la nyuma. Akifika kwa mteja huteremsha stendi, huvuta mkono mdogo wa chuma unaoukaza mkanda, hukaa kwenye siti na kupiga pedeli. Gurudumu linazunguka hewani, jiwe linazunguka mbele yake, na kisu kilichokuja butu kinaondoka kinakata unywele.

Sasa goti lake la kulia lilikuwa limegoma. Kwenye tambarare lilikubali kwa kununa, lakini mlima ule unaoanzia mwisho wa soko lilikataa katakata. Na wateja wake wanono wote walikuwa mtaa wa juu. Huko ndiko alikohamia pia mwanawe wa pekee, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye tangu mama yake aanze kuchechemea alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Mama, uza hilo dude, uje kwetu upumzike."

"Nikishapumzika nitafanya nini?"

"Utapumzika tu."

Jibu la namna hiyo linatosha kumtia mtu wazimu. Siku moja walibishana mpaka wakawekeana sharti, mbele ya shemeji yake Mama Makali, mdogo wa marehemu mumewe, fundi baiskeli aliyeitwa Spoku kwa wembamba wake. Jumamosi mama atapanda mlima na jiwe lake, peke yake, kisha arudi mzima. Akiweza, mwana hatasema neno tena. Akishindwa, baiskeli inauzwa na yeye anahamia juu siku hiyo hiyo. Mama Makali alikubali kwa mbwembwe, akaenda nyumbani, akafunga mlango, akalia. Goti alikuwa akilijua yeye.

Spoku hakulia. Spoku aliagiza mota.

"Hii siyo ile ya kukaa kwenye gurudumu, shemeji," alimwambia, akiibembeleza mikononi kama mtoto mchanga. "Inakaa hapa katikati, kwenye pedeli. Inauvuta mnyororo uleule unaouvuta wewe. Ukikanyaga kidogo, yenyewe inakanyaga sana. Hesabu una mguu wa tatu."

"Hii miwili tu inanitoa jasho kuitunza."

"Huu wa tatu hauna haja ya kuchuliwa. Unauchaji tu kama simu."

Wakaanza kazi. Spoku akang'oa pedeli, kisha akaingia kwenye ile nati kubwa ya upande wa kulia inayoshika ekseli ya pedeli. Alivuta spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mama Makali alimtazama kwa utulivu mkubwa.

"Shemeji, unafungua au unakaza?"

Spoku akaitazama nati. Nati ya upande ule hufunguka kinyume na nyingine zote, na yeye amezifungua tangu ana meno ya utoto. "Najua, najua," akasema, akigeuza spana. "Ni furaha tu. Furaha imenipanda kichwani."

Angejua furaha hiyo ilikuwa imemsahaulisha na jambo jingine, angeiteremsha mapema. Lakini hakujua, na shemeji yake hakujua, na wote wawili wakacheka. Ekseli kuukuu ikatoka na grisi nyeusi kama lami. Mota ikaingia mahali pake, ikaning'inia chini ya fremu kama kiriba cha chuma. Betri ikafungwa kwenye pembe ya fremu, waya zikapita kwa adabu, na kioo kidogo cha kuonyesha chaji kikawekwa kwenye usukani, kando ya jiwe.

"Panda," Spoku akasema. "Stendi iko chini. Kanyaga polepole."

Mama Makali akavuta mkono wa chuma, akakanyaga. Gurudumu likanguruma, mkanda ukavuma, na jiwe likaanza kwenda kwa kasi ambayo hakupata kuiona tangu alipolinunua. Akanyakua kisu cha mezani kwa Spoku akakigusisha. Cheche zikaruka mpaka ukutani.

"Yalaa!" akapiga kelele. "Shemeji! Shemeji, goti halijui lolote! Goti limelala!"

Spoku akacheza katikati ya spana zake. Wakazungusha gurudumu, wakalisimamisha kwa mkono, wakalizungusha tena. Hakuna aliyejaribu kurudisha pedeli nyuma.

Jumamosi mwana akaja na shati lake la kazi, akaegesha gari mbele ya karakana, akaitazama ile mota kwa jicho la mtu aliyetapeliwa.

"Hii ni hila, Mama."

"Tulisema nipande na jiwe langu, peke yangu. Nani yuko nyuma ya siti? Niambie, unamwona nani?"

Mwana hakumwona mtu. Mama Makali akapanda, akapita kwenye soko, na mlima ukaanza. Kwa mazoea aliinua makalio kwenye siti, akasubiri maumivu. Akakanyaga. Pale chini mota ikaguna, na baiskeli yote, na jiwe lake, ikapanda kama inavutwa kwa kamba. Akakaa tena. Akakanyaga kidogo tu, kwa majaribio, na ikapanda. Muuza mkaa aliyekuwa akisukuma toroli akageuka kumtazama, na Mama Makali akampita huku akimpungia mkono, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya katika mlima ule. Alitaka kuimba lakini hakukumbuka wimbo wowote, basi akapiga kelele tu. Furaha ilimjaa mpaka machozi yakamtoka, na upepo ukayakausha.

Huko juu mwenye bucha alitoka mlangoni na aproni yake.

"Mama Makali! Sisi tulishakuzika!"

"Mlinizika bila kuniarifu? Lete kinachokata, kama bado kipo."

Mwenye bucha akamletea panga la kukatia mifupa, butu kama mwiko. Akalitia kwenye kapu la mbele, ateremke nalo alinoe kwa raha zake, mwanawe aone ushahidi. Akageuza baiskeli.

Mteremko ukampokea. Mwanzo ulikuwa mtamu. Kisha mwendo ukazidi utamu, na Mama Makali akafanya alichokifanya maisha yake yote: akarudisha pedeli nyuma ili afunge breki.

Pedeli zikarudi nyuma. Zikaendelea kurudi. Zilizunguka kinyumenyume bila kushika kitu, na baiskeli ikazidi kwenda.

Akakamata breki ya mkono, ya gurudumu la mbele, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa pambo tu. Ikalia kama paka, ikapunguza mwendo kidogo sana. Akashusha kandambili chini; moja ikabaki njiani. Mbele yake aliona soko, meza za nyanya, watu, watoto. Akajua kwamba akifika pale kwa mwendo ule ataua mtu, na huyo mtu hatakuwa yeye peke yake.

Kilichofuata hakukifikiria. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye breki, wa kulia ukavuta ule mkono wa chuma. Mkanda ukakaza. Gurudumu la nyuma likalibeba jiwe, jiwe likavuma, na baiskeli ikashtuka kama mtu aliyeshikwa nguo kwa nyuma. Haikutosha. Akachomoa panga kwenye kapu, akaligeuza, maana hata akifa hatamharibia mtu makali, akalikandamiza kwenye jiwe kwa upande wa mgongo, kwa nguvu zake zote.

Moto ukatoka. Cheche zilimpita masikioni, zikamtoboa blauzi, na harufu ya chuma na mpira ikajaa njia nzima. Sokoni watu wakatawanyika huku na huku. Mama Makali akapita katikati ya nyanya akiwa na mwenge wa moto usoni, anapiga mayowe "Pisha! Pisha!", mwendo unapungua, unapungua, jiwe linasaga, mpaka baiskeli ikasimama yenyewe hatua chache kutoka kwenye gari la mwanawe.

Spoku alikuwa ameshika kichwa. "Breki ya nyuma! Mota inaziacha pedeli zirudi bure, mnyororo haurudi! Shemeji, nimesahau, nimesahau mjinga mimi!"

"Nimegundua," akasema Mama Makali. Na aibu iliyoje, alikuwa anacheka.

Kisha akamwona mwanawe, na kicheko kikakatika. Kijana aliyezoea kuokota majeruhi barabarani bila kupepesa macho alikuwa amegeuka rangi ya jivu. Mama Makali akajua kwamba baiskeli imekwenda. Baada ya kituko kile, angemwambia nini?

"Tulisema nirudi mzima," akajaribu, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

Mwana akamsogelea. Alimshika mabega, akayabonyeza. Akashuka mikono, vidole, mbavu, akainama akalishika goti taratibu, kama anavyowapapasa wale wa barabarani kabla ya kuwainua.

"Mzima," akasema. "Mimi sina ugomvi na baiskeli, Mama. Kila simu ya kazini ikilia nadhani naitwa kuja kukuokota wewe. Nilitaka tu uwe karibu, nikuone."

"Mbona hukuniambia hivyo?"

"Nilikwambia uje upumzike."

"Hilo ni neno la wagonjwa."

Tangu mwana ahamie juu, mama hakuwahi kukanyaga kwake. Goti halikumruhusu, na kila alipoambiwa apelekwe kwa gari alikataa, akihofia hatarudishwa.

"Nimepita kwako sasa hivi," akasema. "Geti la bluu, siyo? Mkeo alikuwa anaanika mashuka. Nilikuwa na mwendo, sikusimama."

"Umefika kwangu?"

"Nimepita tu. Kesho sitapita, nitaingia. Nitakaa mpaka mnichoke, halafu nitarudi kwangu, na kesho kutwa nitaingia tena."

Mwana akajifuta uso kwa kiganja. Akavua shati la kazi, akalitundika kwenye kioo cha gari, akapiga magoti kando ya gurudumu la nyuma lisilo na breki na kunyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Baba mdogo, spana."