Gramu Mia Mbili za Njau

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, Njau alivua viatu, akaweka kofia juu ya gunia la maharagwe na kupanda mizani ya Yusuf, muuza nafaka wa Makongeni, Thika. Yusuf alisogeza vyuma, akafumba jicho moja, akasoma.

"Tisini na moja."

"Angalia vizuri."

"Njau, mizani haijui kubembeleza mtu. Tisini na moja, kama wiki iliyopita, kama mwaka jana. Shuka, kuna mama hapa na mahindi yake."

Yusuf aliandika tarehe na kilo kwenye daftari la Njau, kisha akapiga muhuri wa duka, kwa sababu tu alipenda kupiga muhuri. Njau alivaa viatu kwa uso wa mtu aliyekosa kiti harusini.

Miaka hiyo ya tisini, mwimbaji aliyeibiwa nyimbo alipungua uzito. Kila kanda iliyonakiliwa bila ruhusa yake ilimtoa chembe, si nyingi, kama chumvi ya yai moja. Watu wa Thika na Ruiru walilijua hilo kama walivyojua kwamba Aprili kuna matope. Mwimbaji akipita, wenye adabu walimtazama miguu kwanza. Aliyekanyaga chini kwa shida ndiye aliyesalimiwa kwa mikono miwili.

Na hakuna aliyekanyaga chini kwa shida kama Ndila. Zamani yeye na Njau waliimba pamoja, Njau gitaa, Ndila sauti, hadi kila mmoja akatoa kanda yake. Bado walipanga ploti moja, mlango kwa mlango. Sasa Ndila, mama wa watoto watatu, alikuwa na kilo kumi na nne. Alitembea na jiwe ndani ya kiondo. Kazi ya kuchuma kahawa alikuwa ameachishwa. Msimamizi alisema hana ubaya naye, ila akivuta tawi, tawi ndilo linalomvuta yeye.

Njau aliyaona hayo na moyo ukamchoma.

"Mwangalie anavyoringa," alimwambia mkewe Waithira, Ndila alipovuka dimbwi la uani bila kulowa viatu.

"Haringi. Anashika ukuta asipeperushwe."

"Hayo ndiyo maringo yenyewe."

Jumatatu akaenda Ruiru, mpaka Kimbo, kwenye kibanda cha Kui. Kui alikuwa na mashine mbili za kunakili kanda na ubao wa nyimbo ulioandikwa kwa chaki. Jina la Ndila lilijaza ubao. Kibanda kilikuwa kimezama ardhini kiasi cha goti kwa uzito wa nyimbo hizo, na wateja waliinama kuagiza. Njau aliweka kanda yake mezani, akatazama kando, akaondoka polepole, kwa mwendo wa mtu anayetaka kuibiwa.

"Mzee! Umesahau kanda yako!" Kui alimkimbilia hadi steji ya matatu.

Wiki iliyofuata aliificha chini ya gazeti. Kui akamrudishia na gazeti lake. Mara ya tatu Njau alishindwa kuvumilia.

"Kui, wewe si ni mwizi?"

"Mwizi, tena mashuhuri. Lakini hata mwizi ana wateja, mzee. Hii nikiiba nitampelekea nani?"

"Iba hata kidogo tu."

"Ai! Iache hapo basi. Lakini sijakuahidi kitu."

Kui hakuwa mtu wa kutupa. Kanda tupu zilipomwishia, alichukua ile ya Njau na kurekodi nyimbo za Ndila juu yake. Wimbo wa kwanza ulipokwisha alisimamisha mashine ili auze sigara, na aliporudi akaanzia mbele kidogo. Katika nafasi hiyo ndogo, sauti ya zamani ilibaki: Njau akikohoa kabla ya kuanza ubeti. Kanda hiyo ndiyo Kui aliyotumia kunakilia nyingine zote za msimu ule.

Jumamosi moja Yusuf alifumba jicho, akalifumbua.

"Tisini na gramu mia nane."

"Rudia."

"Gramu mia mbili hazipo, Njau. Umeumwa?"

Njau alimnunulia soda, akarudi nyumbani akipiga mluzi. Kikohozi chake kilikuwa kimefika Mwihoko. Kwenye harusi za huko, wimbo wa kwanza wa Ndila ukiisha, ukumbi mzima ulikohoa pamoja, kisha dansi ikaendelea.

Ndila aliposikia alicheka hadi akainuka kutoka kwenye kigoda, Njau akamvuta chini kwa pindo la sketi.

"Umeibiwa, Njau. Karibu."

"Mia mbili tu. Wewe una kilo hamsini na kitu zilizoibiwa."

"Nikugawie?"

Njau alizidi kushika pindo la sketi. Angekubali.

Mwezi wa nane afisa alitoka Nairobi kuja kusikiliza malalamiko ya hakimiliki, katika ukumbi wa kanisa mjini Thika. Kui aliitwa, akaja amevaa vizuri. Ndila alitangulia kusimama, kashika ukingo wa meza.

"Bila mimi nani angemjua huyu?" Kui akauliza.

"Wananijua mpaka Isiolo," Ndila akasema. "Nikienda shambani, kahawa inanichuma mimi."

Afisa aliangalia viatu vya Ndila, vilivyogusa sakafu kwa ncha tu. "Mama, kabla ya kuibiwa ulikuwa na kilo ngapi?"

"Sitini na kitu."

"Imeandikwa wapi?"

"Woi! Nani hujipima akingojea kuibiwa?"

Afisa aliandika kwamba hasara haikuthibitishwa, akamwita anayefuata.

Njau aliweka daftari mezani. Jumamosi za miaka mitatu, zote tisini na moja, zote na muhuri, kisha ile moja ya mwisho. Afisa aliinuka akampa mkono. Ushahidi safi namna hiyo, alisema, hajawahi kuuona. Njau alimtazama Ndila kwa jicho la pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza kumtangulia.

Uamuzi ulisomwa hapo hapo. Kui aliamriwa afute kikohozi cha Njau katika kanda zote ndani ya siku kumi na nne.

"Na nyimbo?" Ndila aliuliza.

"Nyimbo hazikuthibitishwa."

"Bwana afisa," Njau akasema, "si mniache tu hivyo hivyo?"

"Sheria imeshakulinda. Anayefuata."

Kui alitii. Kanda zilitoka safi, bila kikohozi, wanunuzi wakaongezeka maradufu. Jumamosi Yusuf alisoma tisini na moja. Wiki hiyo hiyo Ndila alimaliza kilo yake ya mwisho.

Watoto wake walimfunga kamba ya katani kiunoni. Ncha ya pili ilihitaji kitu kizito, na katika ploti nzima kilikuwepo kimoja tu. Njau alikaa uani na kamba tumboni, Ndila juu yake, usawa wa paa, akimenya njegere. Wapita njia waliinua mikono miwili kumsalimu Ndila.

"Na huyo wa chini ni nani?" mmoja aliuliza.

"Huyo ni Njau," Ndila akasema kutoka juu. "Mwimbaji."

Yule mtu akamtazama Njau miguu, ilivyokanyaga imara, akaenda zake.

"Shika vizuri," Ndila akasema.

"Nimeshika."

Kisha kamba ikakaza kidogo zaidi. Huko Kimbo, kanda nyingine ilikuwa imetoka, na haikuwa ya Njau.