Lenzi Mbili na Dari ya Bi Tima

Huwaida binti Athman alikuwa akipiga picha za ndege na za safari tangu alipomaliza chuo, na kazi ilikuwa imemkubali. Wageni waliotaka kuzunguka mikokoni Manda au kufika Pate walimwulizia yeye, na picha zake za furukombe zilitundikwa kwenye kuta za hoteli mpaka Shela. Lakini mwaka ule lenzi yake kubwa iliota ukungu ndani, ule ukungu wa pwani unaotambaa kwenye kioo polepole mpaka ndege wote wakaonekana kama wamepita kwenye moshi. Bega lake la kulia nalo likaanza kulalamika. Kutwa alibeba mfuko wenye lenzi tatu. Ndege akiwa karibu, lenzi hii. Akiruka mbali, ile. Na kila alipobadilisha juu ya mashua, chumvi na mchanga viliingia kwenye kamera kama vimealikwa.

Musab, rafiki yake mwenye duka la kamera Mombasa, alimpakilia lenzi mbili kwenye basi la Mokowe, azijaribu kisha achague moja. Ya kwanza ilikuwa ndefu na nene, inafika mbali ajabu, lakini nzito kama mtoto aliyelala. Ya pili ilikuwa fupi na nyepesi, ya kutiwa mkobani pamoja na mkate na chupa ya maji. Ukiivuta ilirefuka, ikakutoa kwenye upana wa bahari nzima hadi kwenye jicho la ndege, bila kubadilisha kitu.

"Ila hiyo ndogo ina njaa ya mwanga," Musab alimwonya kwa simu. "Kivulini picha zitatoka na chengachenga. Usije ukasema sikukwambia."

Jioni ile ile Huwaida alipanda darini, juu kabisa ya nyumba yao Mkomani, Lamu, akaanza na ile nzito. Furukombe alikuwa ametua kwenye mnara wa simu. Kila alipoinua kamera mkono ulitetemeka, ikabidi aegemee ukuta. Mafundi waliokuwa wakipaka chokaa nyumba ya pili wakamwona, mmoja akapiga kelele, "Huwaida, huo ni mzinga? Wapigana na nani?" Wakacheka wote, naye akacheka.

Asubuhi yake alitoka na Amini, mwenye mashua aliyemzoea, wakaingia mikokoni na lenzi zote mbili. Ile kubwa ilimchosha kabla jua halijapanda. Mdiria alitua kwenye tawi la mkoko, na mpaka Huwaida auinue ule mzigo na kumtafuta, mdiria ameshakwenda. Akatia ile ndogo. Yangeyange kundi zima akawapiga kwa upana, kisha akavuta, akampata mmoja tu na samaki bado anapapatika mdomoni. Chini ya mikoko mnene picha zilitoka na chengachenga kweli, kama Musab alivyosema, lakini kwenye mwanga zilikuwa safi. Bega halikuuma. Alikuwa karibu kuimba.

Mikokoni simu hazishiki. Amini alipofunga mashua gatini, simu ya Huwaida ilianza kutetemeka na haikunyamaza. Ujumbe wa kwanza: *Huwaida, huna haya?* Wa pili ulitoka kwa binamu yake: *Nenda nyumbani usipite barabara kubwa.* Wa tatu ulikuwa picha.

Bi Tima, jirani yao mjane ambaye nyumba yake imegusana na yao, alikuwa amekaa darini kwake alfajiri, amejifunga kanga, kichwa wazi, anachana nywele zake nyeupe zilizomfika kiunoni. Picha ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomchoma Huwaida kwanza, kwamba ilikuwa nzuri. Ilikuwa imebandikwa kwenye ukurasa wa kutangaza safari za Lamu, ukurasa usiokuwa na jina la mwenyewe, na chini yake pameandikwa: *Lamu usiyoonyeshwa. Njoo ujionee.* Watu elfu kadhaa walikuwa wameshajionea.

Nyumbani alimkuta Ami Abdulkadir, nduguye marehemu babake, ameketi sebuleni na Bwana Abdulwahid, mwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa kichochoro. Bwana Abdulwahid alikuwa mtu wa kuheshimiwa, safu ya mbele msikitini, na sauti yake ilikuwa laini siku zote.

"Mwanangu," alianza Bwana Abdulwahid, "sisi hatukuja kukuaibisha. Tumekuja kusitiri."

"Kusitiri nini?"

"Ulionekana jana darini na lile dude," alisema Ami Abdulkadir. Hakumtazama usoni. "Mafundi wote wamekuona. Leo Bi Tima yuko kwenye simu ya kila mtu. Barazani watu wanasema Athman ameacha binti mpelelezi wa nywele za wanawake wenzake. Futa hiyo picha, uende ukamwombe radhi, na hizo lenzi zirudi zilikotoka."

Huwaida alihisi masikio yakiwaka. Akawatazama wale wazee wawili walivyokaa kwenye viti vya babake, kahawa ya mamake mikononi, wameshamaliza kesi kabla ya mshtakiwa kuvua viatu. Kisha akaitazama tena ile picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, na damu ikampanda upya.

"Ami, umeitazama hii picha?"

"Nitazame nini? Ni haramu kuitazama."

"Basi usimtazame Bi Tima. Tazama nyuma yake." Alimwekea simu mbele ya macho, kidole gumba amekibandika juu ya mama wa watu. "Huu ukuta ni wa nani? Hili tangi jeusi la maji? Hizi shuka za maua zilizoanikwa, si za mamangu? Dari yetu iko nyuma ya Bi Tima, Ami. Mimi nilisimama wapi nikampiga uso kwa uso? Angani?"

Ami Abdulkadir alichukua simu. Akaitazama muda, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Upande wa mbele wa Bi Tima kuna dari moja tu," alisema Huwaida, na sasa alikuwa hamtazami amiye. "Moja."

Bwana Abdulwahid alikiweka kikombe chini taratibu. "Alasiri imekaribia," alisema. "Wacha nitangulie kutia udhu."

"Tangulia, Bwana. Mimi naja kwako."

Mama yake alimwita kutoka jikoni asiende, mtoto wa kike hafuati mambo kwenye nyumba za watu. Huwaida alishapita mlangoni. Alizipanda ngazi za nyumba ya wageni mbili mbili mpaka darini, akamkuta mwanamke kijana amekaa kwenye mkeka, kamera mapajani. Mbele ya kamera ile palikuwa na lenzi fupi, nyepesi, ndugu pacha wa ile aliyokuwa nayo mkobani.

Mwanamke yule aliitwa Kagendo, alitoka Nairobi, na alimkaribisha kwa tabasamu mpaka alipoiona picha.

"Hii ni yangu," alisema. "Nani ameiweka huku?"

"Wewe ndiye nikuulize."

"Mimi nilimpa Bwana Abdulwahid picha zangu zote. Aliomba za kutangaza nyumba yake, nikampa na hii ikiwemo. Nikamwuliza kama huyu mama ataona vibaya, akasema hakuna shida, ni jirani yake."

"Na wewe mwenyewe hukumwona kichwa wazi?"

"Nilimwona. Lakini, dada, aki ya Mungu, alikuwa nje. Alikuwa ametulia sana. Hakunigundua hata kidogo, hii lenzi ni ndogo, watu hawaiogopi. Ndiyo maana niliinunua."

"Hakuwa nje!" Sauti ya Huwaida ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Dari ni chumba. Kimekosa paa tu. Hapa mwanamke hupanda darini kwa sababu ndipo mahali pake pa kuvua mtandio akapata upepo. Umeingia chumbani kwa mtu ukamchukua, na mimi leo ndiye natukanwa mji mzima!"

Kagendo aliinamisha kichwa. Hakujitetea tena. Baadaye Huwaida alimhesabia hilo, lakini wakati ule hakuwa na nafasi ya kumhesabia mtu jema.

Walikwenda wote wawili kwa Bi Tima. Walimkuta kwenye kiwanda, ule ua wa katikati ya nyumba, na Ami Abdulkadir ameshatangulia, anamweleza kwa unyenyekevu kwamba labda kwa sasa ingekuwa vyema asipande juu mpaka maneno yapoe.

"Nyamaza, Abdulkadir," alisema Bi Tima. Alikuwa mfupi, na alikuwa na hasira kuliko wote. "Tangu yeo asubuhi watu wapita mlangoni pangu. Huyu alia, huyu alaani, huyu asema nihamie ndani. Hakuna hata mmoja aloniuliza, Bi Tima, wewe wataka nini? Dari ni yangu. Yua liwakalo juu ni la Mngu. Nifungwe ndani mimi, kwani mimi ndiye niloiba?" Akamgeukia Kagendo. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama, na nilimpa Bwana Abdulwahid. Nisamehe."

"Ifute. Mbele ya mato yangu."

Kagendo aliifuta kwenye kamera, akaifuta kwenye simu. Bi Tima alishuhudia hatua zote, kisha akasema amemsamehe, kwa sababu ameomba kwa kinywa chake. "Na Abdulwahid?" aliuliza. "Yeye alonijua tangu nina meno ya utotoni, akaketi kumtwika mtoto wa Athman uovu wake? Mwambieni namngoja. Asemee pale pale barazani alikochafuliwa huyu mtoto."

Bwana Abdulwahid hakuja. Picha iliondoka ukurasani kabla ya magharibi, kimya kimya, na kesho yake alituma sinia ya halua kwa Bi Tima. Bi Tima aliirudisha na kitambaa chake hakijafunuliwa. Huwaida hakutumiwa hata halua. Barazani watu walihamia mambo mengine, na wale waliomwandikia *huna haya* walianza kumwandikia habari za asubuhi, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Siku iliyofuata Ami Abdulkadir alimjia tena. "Nilikosea," alisema, na Huwaida alijua neno hilo limemgharimu. "Lakini nisikilize. Chukua ile kubwa. Kubwa twaiona, mtu ajifunika. Hii ndogo yaiba."

Neno lile lilimkaa Huwaida kutwa nzima. Aliziweka lenzi mbili mezani. Ni kweli ile ndogo haikuogopwa na mtu, na alikuwa ameona inachoweza kufanya mkononi mwa mtu asiyeuliza. Akaanza kuisukuma kando. Kisha akaushika mkono wake mwenyewe, akaona anafanya nini, na hasira yote ya siku zile ikarudi kwa kishindo. Yaani bega lake ndilo litakalolipa? Atabeba ule mzigo mikokoni maisha yake yote ili Bwana Abdulwahid aonekane hana kosa? Yeye alikuwa na miaka ya kupiga picha mji huu na hakuna mwanamke aliyewahi kumlalamikia, na siku moja tu ya uzushi ikatosha kumfanya aulizwe kama anaaminika kushika kioo chepesi!

Alimpigia Musab. "Ile nzito inarudi na basi la kesho. Nyepesi nimeichukua."

"Umeona chengachenga?"

"Nimeona. Nitapiga kwenye mwanga."

Wiki chache baadaye, akitoka sokoni, alikutana na Bwana Abdulwahid uso kwa uso ndiani, katika kichochoro chembamba kisicho na pa kukwepana. Bwana yule akatoa salamu, sauti ile ile laini.

"Mwanangu, nina wageni wanataka kwenda Kiwayu kuona ndege. Nimewaambia hakuna kama wewe."

"Wageni wako wana haki ya kupelekwa vizuri, Bwana," alisema Huwaida. "Nenda barazani useme picha ile ilitoka kwako, na mimi ulinisingizia huku ukijua. Ukishuka barazani nitawapeleka."

"Mambo yale yamepita."

"Kwako."

Bwana Abdulwahid alitazama nyuma yake, kisha mbele. Punda alikuwa anakuja na mawe mgongoni, na mwenye punda anapiga kelele njia ipishwe. "Inshallah," alisema, akajibana ukutani kumpisha.

Huwaida alipita. Alijua hasira ile atalala nayo siku nyingi. Hakuona sababu ya kuiharakisha ipoe.